Kutenganisha runinga na intaneti si ubahili

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Nairobi, intaneti huingia mlangoni ikiwa imefuatana na runinga. Kampuni inayovuta waya huleta ruta, king'amuzi na wakati mwingine hata simu ya mezani, kisha hudai malipo mamoja ya mwezi kwa vyote. Zuku ndiyo iliyowazoesha wengi mtindo huo, na kampuni nyingine zina vifurushi vya aina yake. Sasa zipo familia zinazoomba runinga iondolewe zibaki na intaneti pekee, na kila ombi la namna hiyo linapozungumzwa, sebuleni au kazini, watu hugawanyika. Wapo wanaoona ni busara ya matumizi, na wapo wanaoona ni kuwanyima watu wa nyumbani burudani kwa ajili ya akiba isiyofika mbali. Kundi hili la pili husikika zaidi, na nadhani kundi la kwanza limehukumiwa kabla ya kusikilizwa vizuri.

Hoja kubwa ya wanaotetea kifurushi ni bei, nayo ina uzito. Waya ukishafika nyumbani, kuongeza runinga juu yake hakuigharimu kampuni sana, kwa hiyo inaweza kuiuza kwa bei ya chini kuliko ile ambayo mteja angelipa kwa king'amuzi kilichonunuliwa kando. Kuna hata kampuni ambazo bei ya intaneti pekee haipishani na bei ya intaneti pamoja na runinga, na mteja wa huko hapati akiba yoyote kwa kuiondoa. Aliye katika hali hiyo hana sababu ya kuhangaika. Lakini pale ambapo pengo lipo, watu hulitazama kwa mwezi mmoja tu na kulipuuza, na hapo ndipo hesabu inapopotea.

Tuchukue mfano wa pengo la shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Sasa linganisha na bei ambayo Safaricom iliitangaza mwaka 2024 kwa huduma yake ya chini ya intaneti ya nyumbani, ile ya kasi ya megabiti 15 kwa sekunde, yaani shilingi 2,999 kwa mwezi. Miezi sita ya huduma hiyo ni shilingi 17,994. Maana yake ni kwamba nyumba inayolipia runinga isiyotazamwa kwa pengo hilo inapoteza, kila mwaka, fedha zinazotosha kuiweka mtandaoni kwa nusu mwaka. Hata pengo likiwa nusu ya hapo, bado ni miezi mitatu, na miezi mitatu ni muhula mzima wa shule. Ninairudia hesabu hii kwa sababu mzazi anayetafuta karo wakati wa Njaanuari huhesabu hadi shilingi mia mbili za nauli, lakini kiasi hiki kikubwa humpita kwa kuwa kimevunjwa vipande kumi na viwili na kuchanganywa na kitu ambacho kweli anakihitaji.

Hata hivyo, fedha si sehemu nzito kuliko zote katika suala hili. Runinga ya kulipia katika nchi zetu kwa kawaida hulipwa kabla ya kutumiwa: mwenye king'amuzi hulipa mwezi anaotaka, na mwezi akikaukiwa huacha picha ikatike bila ugomvi na mtu, kisha hurudi msimu wa mpira unapoanza au watoto wanapofunga shule. Huo uwezo wa kuruka mwezi ni kinga kubwa kwa nyumba ambayo mapato yake hayana tarehe maalumu, na nyumba za namna hiyo ni nyingi sana kwetu. Kifurushi huiondoa kinga hiyo. Akaunti ni moja, tarehe ya mwisho ni moja, na siku salio linapopungua, huduma zote mbili huzimwa kwa pamoja, ile ambayo familia inaweza kuishi bila kuiona wiki tatu na ile ambayo kazi ya mtu inaitegemea.

Jirani yangu mmoja hunakili mahojiano ya sauti kwa wateja wa nje, akifanyia kazi mezani jikoni wanawe wanapokuwa shuleni. Mwezi mmoja mteja wake alichelewa kumlipa, naye alikuwa na fedha zinazokaribia bei ya intaneti, ila hazikufikia bei ya kifurushi chote. Alipiga simu kwa kampuni inayomhudumia akaomba runinga ikatwe mwezi ule tu, akaambiwa hilo haliwezekani. Akawa ananunua bando la simu la siku, asubuhi moja, jioni jingine, na kuituma kazi kupitia simu iliyoegemezwa dirishani ili ipate mtandao. Wiki ilipoisha, fedha alizotumia kwa bando zilikuwa zimekaribia lile pungufu lililomzuia kulipa kifurushi. King'amuzi chake kilikuwa kimezima muda wote huo, na hakuna aliyekiulizia.

Wanaopinga hatua hii hudhani kwamba kuondoa runinga kwenye kifurushi ni kuiondoa runinga nyumbani. Sivyo. Tangu mabadiliko ya kuhamia mfumo wa dijitali mwaka 2015, ambayo wasomaji wanakumbuka jinsi yalivyozua kesi na kuzimwa kwa vituo vikubwa mwezi Februari, mitambo ya vituo vya humu nchini imekuwa ikirusha mawimbi ambayo mtu huyapata kwa antena na king'amuzi cha bure, au kwa antena peke yake ikiwa runinga yake ina ndani kipokezi cha DVB-T2, yaani mfumo wa dijitali ambao vituo hivyo hutumia kurusha mawimbi. Citizen, KTN, NTV, KBC na K24 hazidai malipo ya mwezi. Ukikaa jioni na familia nyingi za hapa utagundua kwamba sehemu kubwa ya kinachotazamwa ni hizo hizo: taarifa ya habari ya saa moja au saa tatu, kipindi cha drama kabla yake, mahojiano ya asubuhi. Watu wanalipia orodha ndefu ya chaneli ili watazame tano ambazo zinapita juu ya paa lao bure. Anayetilia shaka hili anaweza kubandika karatasi ubavuni mwa runinga na kumwomba kila anayeshika rimoti aandike chaneli aliyoitazama, kwa mwezi mmoja, kisha wasome pamoja. Nakubali kwamba antena haifanyi kazi sawasawa kila mahali, kwa maana kuna mabonde, kuna majumba marefu yanayoziba mawimbi, na kuna kaunti za kaskazini ambako mitambo iko mbali. Mkazi wa huko ana sababu ya haki ya kubaki na satelaiti. Lakini vifurushi vya intaneti ya waya vinauzwa zaidi mijini, na mijini ndiko mawimbi hayo yalikosambaa zaidi.

Kuhusu mpira, ambao mara nyingi ndio neno la mwisho katika mabishano haya, jambo ni jepesi kuliko linavyosemwa. Haki za Ligi Kuu ya Uingereza katika ukanda wetu zimekuwa kwa misimu mingi mikononi mwa SuperSport, chaneli za michezo za MultiChoice, kampuni ya DStv, na runinga inayofuatana na intaneti ya waya kwa kawaida haina mechi hizo. Mpenzi wa Arsenal anayelipia kifurushi hicho bado hulipia king'amuzi cha pili, au huenda kutazama kwenye baa. Mpira hauwezi basi kuwa sababu ya kukitetea.

Hoja ya upande wa pili ambayo sina jibu rahisi kwayo ni ile ya nani anabaki nyumbani. Anayeamua kukata runinga mara nyingi ni yule anayeondoka alfajiri na simu janja mkononi. Wanaobaki ni nyanya aliyekuja mjini kutibiwa na anayejua vitufe viwili tu vya rimoti, msaidizi wa kazi za nyumbani ambaye tamthilia ya alasiri ndiyo mapumziko yake pekee, na mtoto mdogo. Kwa mtoto hasa, tofauti ni kubwa. Vituo vya runinga nchini viko chini ya kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano, zinazotaka vipindi vya saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku viwe vya kufaa familia nzima, lakini YouTube haina saa, na video moja huivuta nyingine bila mtu mzima kuwa karibu. Mzazi anayeondoa chaneli za katuni na kumwachia mtoto simu hajaokoa chochote cha maana. Kwa hiyo naamini uamuzi huu haufai kufanywa na mwenye kulipa peke yake. Nyanya aulizwe. Msaidizi wa nyumbani naye aulizwe, na jibu lake lihesabiwe sawa na la wengine, maana saa za mchana ni zake. Ikiwa tamthilia anayoipenda iko kwenye kituo cha bure, antena imetosha. Ikiwa iko kwenye chaneli ya kulipia, king'amuzi cha bei ya chini kinacholipwa mwezi kwa mwezi bado huiachia nyumba ule uwezo wa kuruka mwezi ambao kifurushi kinaunyima.

Kuna hatari nyingine upande wa wanaokata, nayo huwapata wengi: runinga inatoka kupitia mlangoni, na huduma za filamu za mtandaoni zinaingia kupitia dirishani, moja ya baba, moja ya vijana, moja iliyoanza kwa jaribio la bure na kusahaulika kwenye kadi ya benki. Akiba humezwa kabla ya miezi mitatu. Wengine nao hupandisha kasi ya intaneti wakidhani runinga ya mtandaoni inaidai, ilhali Netflix yenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi ya kawaida ya 1080p, hivyo ile kasi ya megabiti 15 inatosha skrini mbili na bado mtu akafanya kazi chumba cha pili. Aliyekata runinga ili apunguze gharama hana haja ya kununua kasi ambayo hataitumia.

Kikwazo kinachobaki hakimo mikononi mwa familia. Katika baadhi ya majumba ya kupanga, mwenye nyumba amekubaliana na kampuni moja tu, na mpangaji hupewa kifurushi kama kilivyo au akose. Katika bili nyingi, hata pale ambapo kuna kampuni mbili tatu za kuchagua, malipo huandikwa kwa mstari mmoja, na mteja hawezi kujua runinga inamgharimu kiasi gani ili aamue kama inafaa. Kanuni za kumlinda mteja wa mawasiliano za mwaka 2010 zinampa mteja haki ya kupata maelezo kamili na ya wazi kuhusu bei anazotozwa. Sioni jinsi bili ya mstari mmoja kwa huduma tatu inavyotimiza hilo. Mamlaka ya Mawasiliano ingepaswa kuitaka kila kampuni inayouza kifurushi ichapishe bei ya intaneti pekee kando ya bei ya kifurushi, na impe mteja nafasi ya kuondoa au kurudisha runinga mwanzoni mwa mwezi wowote bila kufunguliwa akaunti upya. Wenye kupenda kifurushi chao wangeendelea nacho kwa furaha, wakijua wanachokilipia, na jirani yangu angelilipia kile anachokifanyia kazi hata katika mwezi mgumu.