Spindeli za usingizi na ule uhusiano wa 0.2

Kila baada ya muda habari hii hurudi: akili ya mtu yaonekana akiwa amelala. Anabandikwa nyaya kichwani, mashine ya EEG inachora mawimbi ya ubongo wake usiku kucha, kisha michoro inalinganishwa na alama zake za IQ, yaani mtihani wa kupima akili, na vitu hivyo viwili vinaelekea kwenda pamoja. Wanaoshangilia husikika haraka. Wanaosita huonekana wabishi tu, na hapo nadhani wanaonewa.

Kinachobishaniwa hasa ni spindeli, yaani mafungu mafupi ya mawimbi, mizunguko kama 11 hadi 16 kwa sekunde, yanayozuka zaidi katika hatua ya pili ya usingizi. Mtafiti Alfred Loomis na wenzake waliyaeleza tangu 1935. Huanzia thalamasi, ndani kabisa ya ubongo, yakapokezana na gamba la nje. Hoja ya wanaoshangilia inatoka hapo, wala si ya kubezwa: njia hizohizo za mawasiliano zinafanya kazi mtu akiwa macho. Tena spindeli za mtu hazibadiliki sana usiku hadi usiku, na huongezeka baada ya kujifunza jambo jipya. Basi si ajabu zikiwa na la kusema kuhusu akili.

Zinasema kiasi gani, lakini? Tafiti za mwanzo zilipima watu wachache na kutoa uhusiano mkubwa. Watu walipoongezeka, ukanywea. Mwaka 2014 mtafiti Péter Ujma na wenzake walipima watu wazima 160. Kwa wanawake, spindeli za kasi (zile za mizunguko mingi zaidi kwa sekunde) zenye mawimbi makubwa ziliendana na akili zaidi. Kwa wanaume mambo yaligeuka: waliokuwa na spindeli nyingi za kasi sehemu ya nyuma ya kichwa walielekea kupata alama za chini. Watafiti wenyewe waliandika kwamba uhusiano ni mdogo kuliko ulivyoripotiwa awali. Sentensi hiyo haifiki kwenye vichwa vya habari.

Tuwe wakarimu, tuseme uhusiano ni 0.2, kwa kipimo ambacho 0 ni kutohusiana na 1 ni kwenda pamoja bila kukosea. Ukiizidisha namba hiyo kwa yenyewe unapata 0.04: asilimia 4 ya tofauti za alama baina ya watu ndiyo inayokwenda na spindeli, na 96 inabaki nje. Au chukua watu wawili bila kuchagua, uambiwe nani ana spindeli zenye nguvu zaidi, kisha ubashiri nani mwenye IQ kubwa. Utapatia mara 56 hivi kati ya 100. Ukirusha sarafu utapatia mara 50. Usiku mzima wa nyaya kichwani umekuongezea mara sita, na bado kuna anayetaka kuuza kipimo hicho kwa wazazi!

Hata hizo sita zina maswali yake. Spindeli hupungua na umri. Ukubwa wa wimbi unaosomwa juu ya ngozi hutegemea pia unene wa fuvu. Mtafiti asipoyatenga hayo, huenda anapima mfupa na miaka huku akidhani anapima akili.

Simaanishi kwamba uhusiano haupo. Naamini upo, na kwamba ni dalili ya jinsi ubongo ulivyounganishwa, si ufunguo wa kuuongezea akili. Tofauti hiyo inaweza kujaribiwa. Dawa ya usingizi iitwayo zolpidem huongeza spindeli, na katika majaribio imeonekana kusaidia kukumbuka maneno yaliyosomwa kabla ya kulala. Hiyo ni kumbukumbu ya usiku mmoja. Anayedai kwamba kukuza spindeli ni kukuza akili anadaiwa jaribio jingine: ziongezwe kwa miezi, kisha mtu apewe mafumbo ambayo hajawahi kuyaona, na alama zake zilinganishwe na za mwenzake aliyelala bila msaada wowote.