Ukoko, Kaakaa na Mchango wa Ukoo

Kosa ni langu, niligombea ukoko. Mke wangu alipika wali wa nazi, na kwetu ukoko hauna mwenyewe, ni wa atakayewahi. Niliwahi. Nikautafuna ukiwa wa moto, mgumu kama kigae, nimesimama nyuma ya mlango wa jiko ili watoto wasinikute. Kipande kikanikwangua kaakaa. Machozi yakanitoka kimyakimya, maana mwizi halii kwa sauti.

Usiku ulimi ukaenda kukagua jeraha. Ukapapasa kidonda, ukasogea kidogo, ukakutana na kitu. Nundu! Katikati kabisa ya kaakaa, ngumu, imekaa kama nusu ya njugu mawe iliyofukiwa. Haiumi, haisogei. Ulimi huohuo ambao uzi wa nyama ukinasa kwenye jino haulali mpaka uutoe, leo ndiyo unaniletea taarifa.

Nikaingia bafuni na simu. Kujimulika kaakaa ni kazi ya watu watatu: wa kushika tochi, wa kushika kioo, na mgonjwa. Mimi nilikuwa wote watatu. Nilipiga picha za pua, za dari, za jino bovu ambalo nalo lilinitia uchungu, hadi mwisho moja ikatoka safi. Nikamwandikia mdogo wangu anayesomea uuguzi: "Dogo, usimwambie mtu. Hii siyo kansa kweli?"

Ila sikumtumia dogo. Nilituma kwenye kundi la ukoo, watu 62, chini kidogo ya tangazo la arobaini ya mjomba.

Wa kwanza kujibu alikuwa binamu yangu: "Amboni hiyo? Mlienda lini?" Mtu wa Tanga ukimwonyesha shimo lenye mwanga hafikirii mdomo, anafikiria mapango. Wa pili alikuwa mama, kwa sauti, dakika tatu, mbili za kulia na moja ya kunikumbusha kwamba pilipili alinikataza tangu utotoni. Nikaifuta ile picha, na hapo ndipo nikaharibu zaidi. Walioiona wakawasimulia wasioiona, na nundu ikawa inakua njiani. Mpaka saa tatu asubuhi ilikuwa na ukubwa wa yai, na mimi nilikuwa siwezi tena kula wala kuongea. Nilijaribu kupiga simu kukanusha, shangazi mmoja akanikatiza: "Pumzika baba, usijilazimishe."

Ba'mdogo akaunda kamati. Orodha ikaanza kupanda: ahadi 50,000, taslimu 5,000, ahadi 100,000, taslimu "ijumaa". Yeye mwenyewe akaahidi 200,000 kwa herufi kubwa, akaongeza alama nne za mshangao. Taslimu akaacha wazi.

Jumatatu nikaenda kwa daktari wa meno, dada mmoja mpole, mdogo kwangu kwa umri. Akanilaza, akamulika, akabonyeza kwa kidole cha glovu, akauliza: "Ulikula nini cha moto?" Nikaona aibu kusema ukoko. Nikasema wali.

"Kidonda ni cha ukoko," akasema. "Na hii nundu ni mfupa wako. Inaitwa torasi."

Nikauliza iko hatua ya ngapi.

Akacheka hadi akainua kiti changu. Torasi, akaniambia, ni Kilatini, maana yake uvimbe tu, kinundu. Kwa hiyo nililipa 20,000 nitafsiriwe neno nililokwenda nalo mwenyewe.

Lakini alinieleza vizuri, lazima niseme. Mfupa wa kaakaa kwa watu wengine huzidi kidogo katikati, kwenye mstari ule pande mbili zinapokutana. Huanza kujitokeza ujanani na kukua polepole kwa miaka mingi, ndiyo maana mwenyewe hujui. Ngozi iliyo juu yake ni nyembamba, kwa hiyo chochote kikali au cha moto kikipita huchubua hapo kwanza. Marekani hukadiriwa kwamba watu 20 hadi 30 katika kila 100 wanayo ya kaakaa, wanawake wengi kuliko wanaume. Kwa wengine huota kwenye taya la chini, upande wa ulimi, na hapo mara nyingi huwa pande zote mbili. Chanzo chake hakijulikani chote, ila hurithiwa, na wanaosaga meno usingizini nao hutajwa. Si kansa, wala haigeuki kuwa kansa.

"Mimi mwenyewe ninazo," akasema, akashusha barakoa na kuinua ulimi. Kweli, punje mbili za mahindi, nyeupenyeupe, moja kila upande. Sijawahi kufarijika hivyo kwa kuangalia mdomo wa mtu.

"Hatuikati," akamalizia, "labda mtu akitaka meno ya bandia ikawa inayazuia yasikae. Ila hicho kidonda kisipopona kwa wiki mbili, urudi."

Tatizo likabaki kamati. Jumapili kikao kilikuwa kwa ba'mdogo, watu kumi na watatu, nyuso za msiba. Nilipoingia natafuna kaimati, mama alisimama kwa mshtuko. Nikaeleza. Hawakuniamini. Nikawaambia basi kila mtu aingize kidole gumba mdomoni apapase juu.

Naomba mpate picha hiyo: ukumbini, chini ya saa ya ukutani yenye Kaaba, watu wazima kumi na watatu, wengine wamevaa kanzu, vidole mdomoni, macho yametazama dari, hakuna anayesema neno. Mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi alichungulia mlangoni, akarudi bila chumvi.

Ba'mdogo alikuwa nayo. Binti yake pia. Mama akakitoa kidole chake, akakifuta kwa upande wa kanga, akatangaza kwa kuridhika kabisa: "Mimi sina. Hayo ni ya ukoo wa baba yenu."

Shangazi mkubwa alikuwa hajasema kitu. Huyu ana meno ya bandia ya juu ya mwaka wa sita sasa, hayajawahi kumkaa. Akicheka yanashuka, akisema "s" yanapiga filimbi, kwa hiyo hulala kwenye glasi kabatini na hutoka harusini tu, kwa ajili ya picha, na kwenye vikao vya ukoo kama hiki. Miaka sita anamlaani fundi aliyeyatengeneza, hadi dua za ijumaa humtaja. Akayatoa pale pale, akayaweka kwenye kisahani cha kahawa, akapapasa tena, taratibu, mbele nyuma.

"Mtunza hazina," akaita.

"Naam, shangazi."

"Taslimu ziko ngapi?"

"148,000, shangazi. Tulikuwa tunataka kuwarudishia wenyewe."

"Zisirudishwe. Mgonjwa ni mimi."

Ba'mdogo akakohoa kidogo, akauliza kama na ahadi nazo zinahama.