Taimulapsi kwa simu kuukuu: tunza picha, video itakuja baadaye

Programu nyingi za taimulapsi (video inayoharakisha mambo ya polepole kwa picha zilizopigwa kwa vipindi) hukupa video iliyokwisha kuunganishwa, na ubaya wake uko hapo hapo. Simu ikizimika saa ya sita kabla faili halijafungwa, kazi yote huenda ikawa imepotea. Hata ikimaliza salama, nafasi kati ya picha haibadiliki tena, na inzi aliyetua kwenye lenzi ameshaingia ndani ya video. Afadhali simu ipige picha moja moja na kuziweka kwenye folda.

Kwa Android unahitaji Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, na Termux:API, inayoiwezesha kutumia kamera, zote kutoka chanzo kimoja, mathalani F-Droid, duka la programu huria. Ukichanganya vyanzo, saini za programu hizo, yaani alama za aliyezitoa, hazilingani na ya pili itagoma kusakinika. Ipe Termux:API ruhusa ya kamera, andika ndani ya Termux `pkg install termux-api ffmpeg` (ffmpeg ndiyo itakayounganisha picha kuwa video), kisha skripti:

```
termux-wake-lock
while true; do
  termux-camera-photo -c 0 $(date +%Y%m%d-%H%M%S).jpg
  sleep 10
done
```

Tarehe kwenye jina la faili si pambo. Ukitumia namba tupu, picha ya 10 hupangwa kabla ya ya 2 na video inarukaruka. Ule mstari wa kwanza huzuia simu isisinzie. Hata hivyo, zima pia ubanaji wa betri kwa Termux, maana simu nyingine huua programu kimyakimya.

`sleep 10` haikupi picha kila sekunde 10 kamili, kwa sababu kamera nayo hula muda wake. Mawingu yanataka sekunde 5 hivi, vivuli 30, mche unaochipua dakika 10. Piga hesabu mapema: kwa fremu 24 kwa sekunde, video ya sekunde 20 inadai picha 480. Kila picha ikiwa megabaiti 3, hiyo ni karibu gigabaiti 1.4.

Simu ikae kwenye chaja, lakini kivulini. Jua la dirishani likikutana na joto la kuchaji, betri kuukuu huvimba. Ukiona kifuniko kimeanza kuinuka, chomoa na uachane na betri hiyo.

Kero kubwa ni mwanga kuchezacheza. Kila picha hujipimia mwanga upya, na amri hii ya kamera haina njia ya kuufunga. Utalainishwa na `deflicker` wakati wa kuunganisha:

```
find . -name '*.jpg' -size 0 -delete
ffmpeg -framerate 24 -pattern_type glob -i '*.jpg' -vf "scale=1920:-2,deflicker" -pix_fmt yuv420p video.mp4
```

Amri ya kwanza hufuta picha tupu, zile ambazo kamera ilishindwa kuzipiga. Ile `-2` huhakikisha kimo cha video ni namba shufwa. Kikiwa witifu, ffmpeg hukataa. Kama una kompyuta, hamishia picha huko kwanza: simu ya zamani itaunganisha, ila itachemka na kukuweka sana.