Waya "usioungua" na moshi wake

Juzi nilikuwa kwa shangazi Ngamiani hapa Tanga, fundi anavuta waya upya nyumba nzima, akakata kipande cha waya wa milimita 2.5 za mraba (unene wa shaba ndani) akakipiga kiberiti mbele yetu, alipotoa kiberiti moto ukazima wenyewe, "umeona mama, hauungui huu." Shangazi akaridhika, mimi bado.

Kwenye moto fundi yuko sahihi. Ganda la waya tulizozoea ni PVC, aina ya plastiki, ina klorini ndani na klorini ndo inayoukaba moto, ila vilainishi vinavyofanya ganda lipinde vinaurudisha ule uwezo wa kuungua ndo maana viwanda vingine vinatia na antimoni, inayoisaidia klorini kukaba moto. Sasa shida, waya huo huo ukizungukwa na moto mkubwa utaungua tu, klorini inatoka ikiwa gesi ya haidrojeni kloraidi, ukiivuta inakutana na majimaji ya koo inakua asidi, na moshi mweusi unajaa mpaka mlango huuoni. Kiberiti cha fundi hakipimi hicho. Uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, 1996 walikufa watu 17, wengi kwa moshi, ingawa pale kilichoungua sana ni povu la dari, tusizisingizie waya peke yake.

Kuna waya zisizo na klorini kabisa, ganda limeshindiliwa unga wa alumini haidroksaidi, likifika kama nyuzi 200 unga unatoa maji, mvuke unapooza moto na moshi unakua kidogo. Nzuri sana. Lakini unga huo mara nyingi unapita nusu ya uzito wa ganda, kwa hiyo ni gumu, ukilikunja vibaya linachanika, linanyonya unyevu kuliko PVC (na sisi tuko baharini hapa) na bei iko juu.

Mimi naona bweni la shule, wodi, hoteli ya ghorofa, huko waya zisizo na klorini ziwe lazima hata kama ni ghali, watu wamelala na ngazi ni moja. Nyumba ya shangazi ya chini, mlango unatokea uani, PVC ya kweli inatosha, hela inayobaki iende kwenye breka, ile swichi inayokata umeme wenyewe waya ukizidiwa. Maana nilipofungua boksi nikakuta laini ya taa, waya wa 1.5, kaiwekea breka ya ampea 32, kubwa mno kwa waya huo, waya unaiva ndani ya ukuta na breka imetulia. Nikamwomba abadilishe, jioni ile ile akaweka ya 10.