Namba Sita za Bi Mkubwa

Makala aliyoitaka Mwalimu ilihusu manamba wa mkonge, wale waliotolewa bara wakaletwa kukata mkonge Muheza, Korogwe na Pangani. Babu yake mzaa baba alikuwa mmoja wao. Sasa mjukuu anaandika tasnifu ya shahada ya pili, yuko Tanga hapa hapa, na tovuti ya jarida inamwambia atoe dola thelathini na kitu au aoneshe kwamba chuo chake kimeshalipa. Chuo kilikuwa kimelipa. Kazi ilikuwa kuonesha.

Mimi nina steshenari Ngamiani, Barabara ya 12. Natoa kopi, naskani, natengeneza laptop zilizomwagiwa chai. Walimu wanaosoma huku wanafundisha ni wateja wangu wa kila wiki, na wote wanalia kilio kimoja: wakiwa chuoni Dar kila jarida linafunguka, wakishuka basi Tanga kila jarida linadai pesa.

Sababu yake si uchawi. Mchapishaji hamjui Mwalimu kwa jina wala kwa sura. Anachokijua ni anwani za IP za chuo, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wake. Ombi likitoka kwenye anwani hizo anafungua. Likitoka kwenye bando la simu la Chumbageni, anaona anwani ya kampuni ya simu na kukuhesabu mpita njia. Ndiyo maana maktaba nyingi zina proksi. Inayotumika sana ni EZproxy, aliyoiandika mkutubi wa Arizona, Chris Zagar, mwaka 1999. Unajitambulisha kwenye proksi kwa akaunti ya chuo, kisha yenyewe inakwenda kwa mchapishaji kwa niaba yako, ikitumia anwani ya chuo, inakuletea ukurasa. Utajua umeingia ukitazama juu kwenye kivinjari: www.jstor.org inageuka www-jstor-org, halafu jina la proksi ya chuo linafuata. Nukta zikiwa vistari, uko ndani. Zikibaki nukta na jina la proksi halipo, bado uko barazani.

Wengi hukosea mlango. Wanaanzia Google, wanagota kwenye bei, wanakata tamaa. Unatakiwa uanzie tovuti ya maktaba, kwenye orodha ya hifadhidata, ndipo kiungo kikupitishe kwenye proksi. Ukihifadhi ukurasa wa katikati ya safari ili urudi kesho, kesho hautafunguka, kwa sababu kikao hufa. EZproxy isipobadilishwa hukupa saa mbili tu za kukaa kimya.

Mwalimu haya yote aliyajua na kuyafuata. Tatizo lilikuja pale chuo kilipoongeza hatua ya pili: baada ya nywila, unaandika namba sita kutoka kwenye programu ya simu.

Simu ya Mwalimu ilikuwa imejaa. Makundi ya WhatsApp ya harusi, ya shule, ya kikoba, kila moja na video zake. Programu ikagoma kuingia. Kwa bahati siku ile alikuwa amenijia na simu ya mama yake, Bi Mkubwa, aliyotaka niibadilishie kioo. Tukaiweka humo. Tukaskani msimbo kwenye skrini ya laptop, namba zikaanza kutoka, tukajaribu, mlango ukafunguka. Chuo kikatoa pia orodha ya namba za akiba, za kutumia simu ikipotea. Mwalimu akazipiga picha. Usiku wake akafuta picha ili simu ipate nafasi. Na hizo za akiba zilikuwemo.

Kesho yake akarudi na laptop. "Fundi, nyumbani inakataa. Inasema namba si sahihi."

Hapo unasoma ujumbe kwanza kabla ya kugusa kitu. Nywila ilikuwa imepita. Kilichokataliwa ni namba. Kwa hiyo kuibadili nywila, jambo ambalo kila mtu hulikimbilia, kungetuongezea kazi tu. Nikazima VPN ya bure, ile programu ya kuficha ulipo, ambayo kijana wake aliipachika kwa ajili ya mpira. Nikafuta vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari, nikafungua dirisha fiche. Nywila ikapita tena. Zikahitajika namba, na simu ilikuwa nyumbani Chumbageni, mikononi mwa mwenyewe.

Mwalimu akampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, fungua ile programu yenye kufuli, unisomee namba."

"Nikiifungua wewe utakuwa wapi?"

"Nitasikia. Bonyeza spika."

Simu ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika tena, maana kitufe cha spika na cha kukata kwenye simu ile vimekaa jirani. Mwishowe sauti ikaja kwa mbali, na jogoo nyuma yake.

"Haya, andika. Nane. Moja. Sifuri. Hii ni sita au tisa? Ngoja nivae miwani. Aa! Zimeondoka. Zimekuja nyingine. Nianze hizi au nimalizie zile?"

Mteja aliyekuwa akisubiri kopi za vyeti akaacha kusubiri, akakaa.

Namba hizo huishi sekunde 30. Mifumo mingi humvumilia mtu kwa namba moja iliyotangulia, kufidia uchelewaji wa mtandao, basi. Bi Mkubwa kila alipofika namba ya nne, dirisha lilikuwa limeshafungwa. Mimi nikaamini ugonjwa tumeupata: ni kasi ya msomaji. Nikamwambia Mwalimu ampe mtoto.

Mjukuu, yuko darasa la sita, akazisoma zote sita kwa pumzi moja. Nikaziandika kabla hajanyamaza. Zikakataliwa. Akasoma nyingine, zikakataliwa. Kisha mfumo ukatufungia akaunti dakika 30, na mtu wa kopi akasema, kwa huruma kabisa, kwamba labda chuo chenyewe ni cha kitapeli.

Lakini sasa tulikuwa na jambo la kushika. Mtoto hakuchelewa. Namba mpya, zimesomwa haraka, zimekataliwa. Programu ile haiombi namba kutoka mtandaoni. Hata ukizima data inatoa. Inazikokotoa yenyewe kwa vitu viwili: ufunguo wa siri uliomo kwenye ule msimbo tulioskani, na saa ya simu. Seva ya chuo nayo inakokotoa kwa ufunguo uleule na saa yake. Ufunguo ulikuwa sawa, tuliujaribu dukani. Kikabaki kimoja.

Nikachukua baiskeli, tukaenda Chumbageni.

Tulifika kama saa kumi alasiri. Bi Mkubwa alikuwa ukumbini, simu mezani juu ya kitambaa, karibu na kopo la dawa za presha. Nikaamkia, nikaomba niitazame. Kwenye kioo, kwa maandishi makubwa: 10:00 AM.

"Bi Mkubwa, nani aliiweka saa hii?"

"Mjukuu wangu. Ilikuwa mbovu. Wewe uliibadili kioo, saa ikaja imekosea. Nikitazama asubuhi saa tatu, yenyewe inaniambia tisa. Saa tisa jua liko wapi?"

Mtoto alikuwa amezima saa ya kiotomatiki, akairudisha nyuma saa sita, na simu ikawa inasema saa za Waswahili. Kengele ya dawa ya saa mbili ilikuwa inalia 8:00. Sasa inalia 2:00, kama inavyopaswa kuitwa. Nyumba nzima iliona ni maendeleo.

Kwa programu ya namba, hilo lilikuwa balaa. Saa sita ni sekunde 21,600. Zigawanye kwa 30, unapata namba 720. Bi Mkubwa alikuwa anatusomea, kwa usahihi wote na miwani juu, namba za asubuhi. Na hakuna kingine kilichoharibika ili kutushtua: simu inapiga, redio inaimba. Saa ya laptop ndiyo ingekosea, tena kwa miaka, kivinjari kingepiga kelele kwamba cheti cha tovuti hakifai. Hiyo naijua vizuri, nina kompyuta ya mezani dukani ambayo betri yake ya CR2032 ikiisha inaamka ikidhani ni miaka ya nyuma, na haifungui tovuti yoyote hadi uirekebishe tarehe. Kukosea kwa saa sita tu hakuonekani.

Nikaingia kwenye mipangilio, tarehe na saa, nikarudisha kiotomatiki. Mwalimu akasubiri dakika 30 ziishe, akaandika namba, mlango ukafunguka papo hapo. Akaanza kupakua. Bi Mkubwa akachukua simu yake, akatazama: 4:32 PM.

"Mmeiharibu tena."

"Mama, ni kwa ajili ya masomo."

"Na dawa zangu je? Nitakunywa kwa saa ya wazungu?"

Akamwita mjukuu. Mtoto akaja mbio, kidole kiko tayari. Nikaona kabisa kwamba nikitoka mlangoni tu, namba 720 zinarudi, na Mwalimu atanijia kesho na laptop kwapani.

Kuna njia, na nashangaa watu hawaitumii. Simu huhesabu wakati wa dunia ndani yake, kisha inauonesha kwa saa za eneo. Programu ya namba hutumia ule wa ndani. Za eneo haizijali. Tanga tuko GMT+3. Ukiacha saa ya kiotomatiki ikiwa imewashwa, ukazima saa za eneo za kiotomatiki peke yake, ukachagua eneo la GMT-3, kioo kinarudi nyuma saa sita kamili na ndani hakuna kilichoguswa. GMT-3 ni São Paulo. Brazil waliacha kusogeza saa mwaka 2019, kwa hiyo haitamkimbia katikati ya mwaka. Ukichagua mfumo wa saa 12, mambo yanapendeza zaidi: ikifika saa kumi na mbili asubuhi ya Tanga, huko ni saa sita usiku, kioo kinaandika 12:00 AM. Mchana kutwa ni AM. Jua likizama inageuka PM hadi alfajiri. Ni kama waliotengeneza walilelewa Pangani. Tarehe peke yake ndiyo hubaki ya jana mpaka kupambazuke.

Nikaweka. 10:41 AM. Bi Mkubwa akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaridhika. Mwalimu akatoka kwenye akaunti, akaingia upya kwa namba mpya ili tuwe na uhakika. Ikakubali. Kikao cha msimamizi wake wa tasnifu cha kesho yake saa nane mchana, alichokuwa amekiweka kwenye kalenda ya simu hiyo, sasa kinasomeka 8:00. Jinsi ninavyoona, hii ndiyo simu pekee Chumbageni inayosema ukweli.

Makala ya manamba ikamaliza kushuka, kurasa ishirini na kitu. Mwalimu akainamia laptop, hatumsikii tena. Nikamweleza Bi Mkubwa, maana simu ni yake na ana haki ya kujua, kwamba asiiguse sehemu ile, simu sasa inajiona iko Brazil.

Akafikiri kidogo.

"Mwanangu, na vocha watanikata kwa bei ya hapa au ya huko?"