Namba 19 ambaye nilichelewa kumwona

Msimu wa 2003/04 kibanda umiza chetu pale Ngamiani, Tanga, kilikuwa na mabenchi sita, televisheni moja na wachambuzi wa mpira wasiohesabika. Thierry Henry, mshambuliaji wa Arsenal, akigusa mpira, kibanda kizima wima. Nami nilikuwa mtu wa Henry kama wenzangu, mpaka siku fundi baiskeli mmoja, mkaaji wa benchi la nyuma, aliponigusa bega.

"Mwanangu, namba 19 umemwona?"

"Sijamwona, mzee."

"Mwangalie dakika kumi. Mpira uache uende zake."

Nikamwangalia. Dakika zote hizo Gilberto Silva, kiungo mkabaji wa Arsenal kutoka Brazil, hakumpiga mtu chenga hata moja. Ashley Cole akipanda, yeye huyo anasogea kuziba pengo. Vieira akienda mbele, yeye anabaki. Pasi ya wapinzani ikipita katikati inamkuta keshasimama, anaichukua, anampa aliye jirani, kazi imekwisha. Kusema kweli nilimwona mvivu. Nikamgeukia fundi, akacheka tu.

Leo, kila ubishi wa Wabrazili bora unapoanza, wanatajwa Ronaldo, Rivaldo, Ronaldinho, Kaká, na mimi namwingiza Gilberto. Huwa wananizomea. Sijali.

Njia yake yenyewe haifanani na ya wale wengine. Alizaliwa Lagoa da Prata, jimbo la Minas Gerais, mwaka 1976. Mama yake alipougua na nyumbani mambo yakawa magumu, aliuweka mpira kando akaenda kufanya kazi kiwanda cha peremende. Aliporudi uwanjani kwa uhakika, akiwa na América Mineiro mwaka 1997, alikuwa anakaribia miaka 21, umri ambao wenzake wengine wameshauzwa Ulaya. Nadhani ndiyo maana alicheza kama mtu mzima tangu mwanzo.

Kombe la Dunia la 2002 nalo hakuandaliwa kuwa mhimili wake. Nahodha Emerson ndiye aliyekuwa na namba pale katikati. Kabla ya mechi ya kwanza, mazoezini, Emerson akajitia golikipa, akaumia bega, safari yake ikaishia hapo. Kitambaa cha unahodha akavaa Cafu, nafasi akapewa Gilberto, na Gilberto akacheza mechi zote saba bila kutolewa hata dakika moja. Katika timu ile Cafu na Roberto Carlos walipanda kama mawinga, na mbele kulikuwa na watu watatu ambao kukaba hakukuwa kazi yao. Mtu alibaki kulinda nyumba. Nusu fainali dhidi ya Uturuki, dunia inakumbuka Ronaldo alivyoupiga kwa ncha ya kiatu. Aliyeukokota mpira ule upande wa kushoto na kumpa ni Gilberto. Waulizeni wanaojifanya kukumbuka.

Arsenal ikamchukua kiangazi hicho hicho. Mechi ya kwanza, Ngao ya Jamii inayofungua msimu England, akaingia na kuifunga Liverpool bao pekee. Septemba akaifunga PSV pale Eindhoven sekunde ya 20, bao ambalo wakati huo lilikuwa la haraka kuliko yote katika Ligi ya Mabingwa. Tukadhani tumeletewa mfungaji! Baada ya hapo akarudi kwenye kazi yake ya kuzima moto, na kwenye msimu ule wa 2003/04, Arsenal ilipocheza mechi 38 za ligi bila kupoteza, alicheza 32.

Rekodi ile ilifika mechi 49 kisha ikavunjwa Old Trafford, Oktoba 2004. Gilberto hakuwepo, alikuwa nje na jeraha la mgongo lililomla sehemu kubwa ya msimu. Sisemi angewazuia Manchester United siku ile. Ila nanyi msiniambie ni jambo la bahati tu.

Kinachoniuma mpaka leo ni 2007. Msimu uliotangulia Henry alikuwa majeruhi kila mara, na Gilberto akabeba mzigo: mabao 10 ya ligi, mawili yakiwa penalti dhidi ya Tottenham siku tuliyowachapa 3-0, na mara nyingi kitambaa mkononi mwake. Henry akauzwa Barcelona. Kila mtu alijua nahodha ajaye ni nani. Kocha Wenger akampa kitambaa beki Gallas, na nafasi uwanjani ikaenda kwa Flamini. Februari 2008, baada ya sare na Birmingham, Gallas akaketi chini katikati ya uwanja, kanuna, watu wanamtazama. Tulikuwa tunaongoza ligi, tukamaliza wa tatu. Namheshimu sana Wenger, lakini hapo alikosea, na tulilipa deni hilo kwa miaka tukitafuta kiungo mkabaji wa kweli.

Gilberto hakupiga kelele. Akaenda Panathinaikos, akabeba ligi na kombe la Ugiriki mwaka 2010, akarudi kwao, Grêmio kisha Atlético Mineiro, na mwaka 2013 wakachukua Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa za Amerika Kusini, yeye na Ronaldinho wakiwa timu moja tena, miaka 11 baada ya fainali ya Kombe la Dunia pale Yokohama.

Mwaka jana nilipita Ngamiani. Fundi bado yupo, macho yamepungua nguvu. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwonyesha kwenye simu video ya mabao ya Gilberto akiwa Arsenal. Akaisogeza karibu na uso, akatazama kama dakika mbili, akanirudishia.

"Hii wameikata," akasema. "Wakipoteza mpira tu, wanaruka." Akashika spana yake, akaendelea na gurudumu.