Mbunge aliyezaliwa China na mjomba wangu wa Newala

Walipolikata jina la mjomba kwenye kura za maoni za udiwani, hakuna aliyesema hafai. Walisema baba yake ni mtu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, na maneno yakaishia hapo. Mtu aliyezaliwa Newala, aliyeshika mizani ya chama cha msingi cha ushirika misimu na misimu bila mkulima kumlalamikia hata kilo moja ya korosho, akageuka mgeni jioni moja.

Tangu siku ile namfikiria sana Derek Bryceson.

Bryceson alikuwa Mwingereza aliyezaliwa China mwaka 1922. Alirusha ndege za kivita katika Vita vya Pili vya Dunia, akaumia vibaya, akawa mtu wa kutembea na fimbo. Baada ya vita alikuja Kenya, kisha akahamia Tanganyika kulima upande wa Kilimanjaro. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa ule wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, ilikubali kuingia kwenye uchaguzi huo baada ya mabishano makali Tabora, Januari 1958. Bryceson akaingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, na baadaye akawa waziri.

Lakini mimi ushindi huo sihesabu. Kiti kile sheria ilikuwa imeshakitenga kwa ajili ya Mzungu. Ninaouhesabu ni wa 1965. Viti vya rangi havikuwepo tena, chama kimoja kilisimamisha wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja ana alama ya jembe na mwingine nyumba. Bryceson alisimama Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika mwenzetu, na wananchi wakampa yeye. Mwaka huo huo Paul Bomani, waziri na mwana wa nchi hii, mpigania uhuru hasa, alianguka. Maana yake watu wetu walikuwa wakiangalia mtu na kazi yake miaka minne tu baada ya uhuru, wakati kidonda cha ukoloni kilikuwa bado kibichi.

Na uhuru wenyewe ulikuwa haujafika pale baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi ya mtu. Oktoba 1961 Nyerere alisimama bungeni akakataa katakata, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kwa ajili ya jambo hilo. Katiba tuliyonayo leo, ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe raia. Sharti la kuwa raia wa kuzaliwa limewekwa kwa Rais. Raia wa tajnisi, yaani mgeni aliyeomba uraia akapewa, anaruhusiwa kugombea ubunge, sembuse mtoto aliyezaliwa hapa!

Najua kuna atakayeniambia kwamba Mzungu alifunguliwa milango mingi ambayo babu yangu hakufunguliwa. Ni kweli, na hapo ndipo panaponiuma. Babu alivuka Ruvuma akaja kukata mkonge kwenye mashamba ya Lindi. Alikuwa Mmakonde aliyevuka kuja kwa Wamakonde, lugha moja, chale zile zile usoni. Vita vya Msumbiji vilipoanza 1964, wengine wengi wakavuka wakikimbia, wakapokelewa Rutamba na kwingineko. Mkoa huu uliwalisha. Wajukuu zao leo ni walimu wetu, madereva wetu, wakwe zetu. Msimu wa kampeni ukifika ndipo tunakumbuka mto.

Mwezi uliopita nilikwenda na mjomba Shimo la Mungu, lile genge la hapa Newala. Alisimama ukingoni, akanyoosha mkono kule chini bondeni ambako Ruvuma inapita.

"Kule ndiko alikotoka babu yako, mpwa wangu," akasema. Kisha akageuka akaonyesha mikorosho nyuma yetu. "Mimi kitovu changu kimezikwa hapa."

Nyumbani anazo bado karatasi za mwaka ule, kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya mpiga kura. Nimemwomba achukue fomu tena. Ameufunga mfuko, akaurudisha chini ya godoro, na mpaka leo hajanijibu.